Upande wa Pili wa Shuka

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wapo wanaojaribu nyumbani kwao: wanalibana kwa kidevu, wanalizungushazungusha, kisha wanalisukumia kabatini na kufunga mlango haraka kabla halijafumuka. Lakini shuka la hoteli lazima lifike kwa mwenyewe likiwa limenyooka, na kwa kazi hiyo wanahitajika watu wawili, mmoja huku na mmoja kule.

Hilo ndilo somo la kwanza alilopewa binti siku aliyoanza kazi kwa dobi. Mwalimu wake alikuwa Mama Pacha, mwanamke wa makamo mwenye mikono mipana na sauti ya kuitia watu kutoka mtaa wa pili.

"Shika pembe. Vuta. Kung'uta. Halafu wewe njoo kwangu, mimi nakuja kwako. Tukikutana unanipa pembe zako, unainama, unaokota mkunjo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Hukuvuta. Asiyevuta anakunja makunyanzi ndani ya mkunjo, na pasi haitoi makunyanzi ya ndani. Haya, tena."

Binti alikuwa amemaliza sekondari miezi michache nyuma. Matokeo yake yalikuwa mazuri, na chuo kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea upimaji ardhi. Wanawake wa pale walipomwuliza kama amekuja kukaa au kupita, alijibu kwa adabu, lakini kwa haraka kidogo, "Niko hapa mpaka chuo kifunguliwe." Hakujua kwamba mahali pa kazi mtu hapewi jina alitakalo. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshaitwa Chuo. Chuo, leta kapu! Chuo, pasi yako inanuka! Alijifanya hapendi. Ukweli ni kwamba alipenda sana, maana kila walipomwita walimkumbusha anakokwenda.

Kazi yenyewe haikuwa yake tangu mwanzo. Ilikuwa ya baba yake, naye aliikataa.

Mama yake alikuwa akilea watoto wachanga wa majirani waliokwenda kazini, na mmoja wa mama hao ndiye aliyemletea habari: dobi anatafuta mkunjaji. Akamwambia mumewe jioni ile ile, taratibu, kama mtu anayeweka glasi mezani.

"Kukunja nini?" mumewe akauliza.

"Mashuka, mwenzangu. Na mataulo."

Mumewe alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Kiwandani walimwita Gundi, kwa sababu kitabu kilichopita mikononi mwake hakikuachia ukurasa hata kikirushwa ukutani. Lakini kiwanda kilikuwa kimefungwa, karibu mwaka sasa, mitambo imeuzwa, na kilichobaki kwake ni jina hilo na mfupa mmoja laini wa kukunjia karatasi, ambao bado alitembea nao mfukoni.

"Mimi nimejalidi kamusi," akasema Gundi. "Nimejalidi vitabu vya sheria vinene kama tofali. Leo nikakunje shuka la mtu nisiyemjua, sijui kalilalia vipi?"

"Mwanangu ni fundi vitabu," bibi, mama yake Gundi, akadakia kutoka kwenye kiti chake cha pembeni. "Si mfua fulana."

Binti, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Basi niende mimi. Si ni mpaka chuo kifunguliwe tu?"

Wote wakashusha pumzi. Ndivyo yanavyoanza mambo mengi katika nyumba za watu: mmoja anajitolea, wengine wanapumua, na hakuna anayeuliza itakuwaje mwenye kujitolea akitaka kuondoka.

*

Nyumba ilibadilika pole pole, kwa vitu vidogo. Sabuni ikaacha kukatwa vipande. Chai ikarudi kuwa ya maziwa. Bibi, aliyekuwa amesahau mkate laini una ladha gani, aliuzoea upya ndani ya wiki moja, na siku binti alipochelewa kurudi alikaa akitazama mlango kuliko mtu yeyote.

"Mke mwenzangu huyo," alisema akiona mfuko. "Mwenyezi Mungu akupe maisha. Umepita dukani?"

Gundi alikuwa na mtindo wake. Kila asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi, akachana nywele, akaaga kwamba anakwenda kuonana na watu. Watu hao, kusema kweli, walikuwa mlinzi wa posta na benchi lililo mbele ya posta. Hapo alisoma gazeti aliloachiwa na mlinzi, kisha akalikunja upya kwa uangalifu, pembe kwa pembe, akaliminya kwa ule mfupa wake mpaka likawa kama halijapata kufunguliwa. Wiki za mwanzo alikwenda kweli kuomba kazi. Kila alipofika aliulizwa kama anajua kompyuta.

Siku moja binti alipanda gari la kupeleka mashuka hotelini, wakapita mbele ya posta. Akamwona. Alimwona vizuri sana, shati na gazeti na kila kitu, akateremka kwenye kiti mpaka magoti yakagusa dashibodi.

"Unaumwa?" dereva akamwuliza.

"Jua linanipiga usoni."

Jua lilikuwa upande wa pili. Dereva alikuwa mtu mzima, hakuuliza tena.

Kesho yake binti alimwona baba yake akifika mlangoni, akirudi, akipapasa mifuko, akienda tena, akirudi, na akaelewa kwamba hana nauli na hawezi kuiomba kwa mtoto wake. Tangu hapo akawa anaacha hela kidogo chini ya kopo la sukari. Gundi akawa anazichukua. Hakuna aliyezitaja. Mama alipangusa meza akilizunguka kopo, bibi aliomba sukari achotewe, na nyumba nzima ikawa hodari wa kutoona.

*

Bosi wa dobi alikuwa mwanamke mkavu, miwani kichwani, simu sikioni, na hakuwa mbaya. Alilipa kwa tarehe, na hilo ndilo watu wengi hulitaka kwa bosi. Siku ya Jumamosi, karibu na kufunga, alimwita binti ofisini, chumba kidogo kilichojaa vibanio vya nguo.

"Nimepata hoteli ya pili," akasema. "Nataka mtu wa kudumu kwenye kukunja. Mama Pacha anasema mikono yako imekomaa. Mshahara utapanda."

"Chuo kinafunguliwa wiki ijayo, Bosi."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza leo. Ukikataa sitakasirika, nitatafuta mwingine. Lakini nijue."

Ada haikuwa tatizo. Mkopo wa wanafunzi ungeilipa, pamoja na malazi na chakula. Yeye mwenyewe asingepungukiwa huko aendako. Kitakachopungukiwa ni kopo la sukari. Alijua pia kwamba asiyeripoti kwa tarehe iliyowekwa, nafasi yake hupewa mwingine. Akasimama akitazama vibanio, akamwona akilini baba yake benchini na bibi akitazama mlango.

"Nitabaki," akasema.

Alipotoka, Mama Pacha alikuwa akivaa viatu.

"Vipi, Chuo?"

"Ninabaki."

Mama Pacha alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. Alitaka msaidizi huyu kuliko mwingine yeyote, mgongo wake ungepumzika. Hata hivyo hakufurahi.

"Sasa tutakuita nani?" akauliza.

*

Jumapili walikula mchana wote pamoja, wali na samaki. Nyumba hiyo ilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote: kipande cha katikati, kile kinene kisicho na miiba mingi, ni cha baba. Bibi alimpa babu, mama akampa Gundi. Wakati mwingine Gundi alikimega akamgawia binti yake, lakini kwanza kilipita kwenye sahani yake.

Mama alikuwa amechoka. Kitoto cha jirani kilikuwa kimelia tangu alfajiri. Akachukua upawa, akakiinua kipande cha katikati, mkono ukaipita sahani ya mumewe na kukiweka kwenye sahani ya binti.

Hakukusudia. Mkono wenyewe ndio uliokwenda. Upawa ukabaki umening'inia, mchuzi ukidondoka mezani.

"Mkono umepotea njia," bibi akasema, akajaribu kucheka.

"Nimepitiwa," mama akasema. "Samahani, mwenzangu, nimepitiwa."

Binti akaisukuma sahani. "Baba, chukua."

"Kula," Gundi akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulitisha. "Anayefanya kazi ndiye anayekula."

Hakuna aliyekula. Nzi mmoja alitua ukingoni mwa bakuli na hakuna aliyemfukuza. Ndipo binti, ili aondoe ukimya ule, akatoa jambo alilotoka nalo Jumamosi.

"Bosi ameniomba nibaki. Kazi ya kudumu. Nimekubali."

"Mungu mkubwa!" bibi akapiga makofi. "Unaona? Ardhi utaipima baadaye, mke mwenzangu. Ardhi haina miguu."

"Na chuo?" mama akauliza.

"Nitaomba tena mwakani."

"Nani kakwambia mwakani watakupa?"

Binti alikuwa anamtazama baba yake. Alilisema neno lile "nimekubali" kama mtoto anavyosema hana njaa, akitaka abembelezwe. Alitaka baba apige meza. Alitaka aambiwe, wewe, usinifanyie upuuzi, utakwenda chuo hata tukilala na njaa. Angelia kidogo, angebishana kidogo, kisha angetii kwa furaha yote aliyokuwa nayo moyoni.

Gundi alitazama meza. Alifikiria benchi la posta. Alifikiria mwaka mzima wa kutoulizwa kitu.

"Mwaka mmoja si mwingi," akasema.

Kisha, bila kujua anafanya nini, akaivuta sahani ya binti, akakichukua kile kipande na kukila. Alikila chote, akitoa miiba na kuipanga ukingoni mwa sahani kwa mpangilio mzuri. Binti aliomba ruhusa akaenda kuosha mikono ambayo haikuwa na kitu.

Baadaye, chumbani, mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimpa mumewe mgongo.

"Umekula," akasema.

"Nimekula nini?"

"Unajua ulichokula."

*

Jumatatu, jua lilipokuwa limeshapanda na mashine ya kwanza imeshateremsha mzigo, mlango wa dobi ulifunguliwa akaingia mwanamume aliyevaa shati lililopigwa pasi. Wanawake walidhani ni mteja. Binti, aliyekuwa ameshika pembe za shuka mbele ya Mama Pacha, alilegeza mikono mpaka pindo likagusa sakafu.

"Shikamoo, baba," akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Bosi wenu yuko wapi?"

Bosi alitoka na simu yake. Gundi alisimama mbele yake kama alivyosimama kwenye ofisi zote zile, lakini safari hii hakuanza kwa kueleza ni vitabu gani amejalidi.

"Huyu ni mtoto wangu," akasema. "Alikwambia anabaki. Habaki. Anakwenda kusoma."

Bosi akateremsha miwani machoni. "Mzee wangu, sijamlazimisha. Alikubali mwenyewe."

"Alikubali kwa sababu yangu."

"Sawa, lakini mashuka ya hoteli mbili yatakunjwa na nani? Usiniletee neno tu, niletee na mtu."

"Nimemleta," Gundi akasema. "Ni mimi."

Pasi zikasimama. Mahali pale wanaume walifanya kazi kwenye mashine na kwenye gari. Kwenye meza ya kukunja alikuwa hajapata kusimama hata mmoja. Mtu mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Umewahi kukunja?" Bosi akauliza.

"Maisha yangu yote."

Akaoneshwa shuka. Na hapo, masikini, akakosea kosa ambalo labda hakuna mkunjaji mwingine duniani angelikosea. Hakumtafuta mtu wa kushika upande wa pili. Alilitandaza mezani, akalikunja nusu, akapatanisha pembe, akatoa mfupa mfukoni na kuuburuza juu ya mkunjo kwa nguvu. Akakunja tena, akaburuza tena. Akakunja tena. Alifanya kwa haraka na kwa ufundi, jasho likimtoka kwenye paji la uso, na alipomaliza mezani pakawa na kitu kidogo, kinene, cha pembe nne kamili, kilichobakia kutiwa jalada tu.

Bosi alikiinua, akakipima mkononi.

"Baba," akasema, "hili mtu atalilalia. Hatalisoma."

Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika mpaka barabarani. Mmoja ilibidi aweke pasi chini asijiunguze. Mama Pacha alicheka akifuta machozi kwa taulo la mteja. Binti peke yake hakucheka. Uso mzima ulikuwa ukimwaka, na aibu yake haikuchukua muda kuwa hasira. Akamsogelea baba yake.

"Baba, twende nje. Tafadhali. Usijifanyie hivi."

"Sijifanyii kitu."

"Watakuwa wanakucheka kila siku."

"Wacha wacheke." Akaurudisha mfupa mfukoni. "Jana nilisema mwaka mmoja si mwingi. Ni mwingi. Mimi nimeukaa, naujua. Nenda kasimame upande ule, unifundishe."

Binti alisimama. Kwa kitambo hakujua kama atalia au atamkumbatia, na mbele ya watu hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Akafanya jambo pekee alilojua kulifanya pale. Alilifungua lile shuka lote, akampa baba yake pembe mbili, akarudi nyuma mpaka likatanda kati yao.

"Shika kwa juu ya pindo," akasema. "Hivyo. Sasa usikunje kwanza. Vuta."

Gundi akavuta, kidogo.

"Vuta, baba."

Akavuta tena, kwa ncha za vidole, akiwa amezuia pumzi. Binti akamtazama mikono na akaelewa. Mtu aliyeshika karatasi miaka yote hiyo havuti. Mikono yake imefunzwa kuogopa kuchana.

"Halichaniki," akamwambia, na sauti yake ikalainika bila yeye kutaka. "Ni kitambaa, baba. Vuta kwa nguvu, mimi nimelishika."

Gundi akavuta. Shuka likanyooka kati yao kwa mlio mkavu, makunyanzi yakakimbia yote kwa pamoja, na yeye mwenyewe akashangaa.

"Kung'uta. Sasa njoo."

Wakaja, kila mmoja kutoka upande wake, mpaka wakakutana. Binti akamkabidhi pembe zake.

"Wewe ndiye unayepokea," akasema. "Mimi nainama."

"Acha niiname mimi."

"Magoti yako, baba."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Mama Pacha akapaza sauti kutoka nyuma, na kicheko kikarudi, lakini safari hii Gundi alikuwa ndani yake. Akamrudishia binti pembe, akainama, magoti yakalia, akauokota mkunjo.

Bosi alitazama mashuka mengine matatu yakikunjwa. La kwanza lilikuwa baya. La pili lilikuwa baya kidogo. La tatu alilishika, akaligeuza, akaliweka kwenye rafu.

"Wiki ya majaribio," akasema hatimaye. "Mshahara wa kuanzia, si ule niliomwahidi huyu. Na huo mfupa ubaki nyumbani."

"Mfupa hauna ubaya," Gundi akasema.

"Ubaki nyumbani."

"Sawa, Bosi."

Akalisema neno hilo, Bosi, kwa mwanamke aliye mdogo kwake kwa umri, na mbingu haikuanguka.

Mama Pacha akaja akamsogeza binti kwa nyonga yake. "Hebu nipishe. Wewe umeshakuwa mgeni hapa, nenda kahesabu foronya." Akashika pembe za shuka jipya, akarudi nyuma, akamtazama mwenzake mpya kutoka juu mpaka chini. Gundi alikuwa bado amesimama na pembe mikononi, akimfuata binti yake kwa macho.

"Baba Chuo!" Mama Pacha akaita, sauti ya mtaa wa pili. "Unangoja nini? Vuta!"

Binti alikuwa ameshafika kwenye kapu la foronya. Alisikia jina lile, akainamia kapu haraka ili asionekane uso, na nyuma yake akalisikia shuka likinyooka.